ZIMAMOTO WANAUNGUA, WAKUBWA WANAOTA MOTO!

Na Mwandishi wa Kujitegemea

NDUGU msomaji, kabla hujageuza ukurasa kwenda kutazama habari za Simba na Yanga, nipe muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nina swali moja, na nataka unijibu kwa haki ya Mungu. Lini mara ya mwisho ulimpa pole zimamoto?

Sisemi ile "poleni na kazi" ya kupita njia. Nasema pole ya kweli, kama unayompa mtu aliyefiwa, ukakaa naye, ukamsikiliza.

Jibu lako nalijua kwa sababu ndilo langu pia. Hatujawahi. Tunachompa zimamoto ni matusi. Gari lake likichelewa kwa foleni, tunazomea. Likifika, tunapiga kelele kwamba halina maji. Wapo kati yetu wanaopiga 114 kwa utani, askari wanavaa, wanapanda gari, wanafika na kukuta watoto wanacheka. Moto ukizimika tunarudi vijiweni kusimulia tulivyoona. Yeye anabaki pale kuokota.

Makala haya ni juu ya huyo anayebaki kuokota. Ni juu ya moto unaowaka ndani yake baada ya ule wa nje kuzimwa, ambao nchi hii imeamua kujifanya haiuoni.

JIRANI YANGU NA MISHKAKI

Uswahilini kwetu tuna jirani ambaye sitamtaja jina wala kituo chake, maana askari ana wakubwa wake na sitaki aitwe kujieleza kwa sababu ya kalamu yangu. Nitamwita Afande, kama tulivyomwita mtaani.

Afande alikuwa mtu wa watu. Akitoka zamu jioni alipitia kijiweni kwetu, anacheza bao mkono mmoja, ananunua mishkaki mitano. Mitatu anakula, miwili anagawa. Tulimpenda kwa mishkaki yake, na tuseme ukweli, hatukuwahi kumwuliza ya kazini kwake.

Siku moja akaacha mishkaki. Hakusema kitu. Moshi wa nyama ukimfikia, anavuka barabara. Sisi tukaona ni kichekesho. "Afande kafilisika!" "Afande siku hizi anakula majani!" Ikafika mahali tukimwona anakuja, tunachukua kipande cha boksi tunampepelea moshi ili umfuate hadi ng'ambo ya pili. Msomaji, na mimi nilipepea. Naandika haya kwa aibu.

Nyumba zetu zimebanana, ukuta wake ni ukuta wangu. Usiku nikaanza kumsikia. Analala, saa nane anapiga kelele: "Toka! Toka uvunguni!" Watoto wake wanalia, shemeji anawasha taa. Usiku mwingine vilevile. Kisha akaanza kunywa. Si bia ya mshahara, gongo ya asubuhi. Akamvunjia mwanawe kikombe cha chai kwa sababu mtoto alikiangusha sahani ikalia. Baada ya miezi michache shemeji alibeba watoto akaenda kwa mama yake.

Mtaani kila mtu alikuwa daktari. Mmoja akasema karogwa na wenzake wanaomwonea wivu. Mwingine akasema ana jini la moto, apelekwe Bagamoyo. Wa tatu akasema ni pombe tu, mwanamume mzima hana adabu.

Usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa barazani wawili. Kwa mbali kuna mtu anachoma takataka. Afande akautazama ule moto muda mrefu, akaniambia: "Mdogo wangu, mtoto mdogo hakimbii moto. Anajificha. Anaingia uvunguni mwa kitanda, anaingia kabatini, anadhani moto haujamwona. Ndiyo maana sisi tunajua pa kumtafuta."

Akanyamaza. Sikumwuliza alimkuta nani, wala wangapi. Na habari ya mishkaki nikaielewa mwenyewe, bila kuambiwa.

MATANGA YASIYOKALIWA

Fikiria jambo hili, ndugu yangu. Kwetu mtu akifa tunakaa matanga. Watu wanalala chini siku tatu, wanapika, wanalia, wanacheza karata usiku kucha, wanasimulia vituko vya marehemu mpaka mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua mfiwa akiachwa peke yake na mawazo, mawazo yatamla.

Sasa niambie, zimamoto aliyemtoa marehemu chini ya kifusi anakaa matanga ya nani? Si ndugu yake. Jina la marehemu halijui. Amembeba, amemfunika, amempandisha garini, amerudi kituoni kuosha mipira ya maji na kusubiri simu nyingine. Mwaka ukiisha amebeba maiti ambazo wewe na mimi hatutaziona maisha yetu yote, na hajakaa tanga hata moja.

Na nchi hii haijakosa maafa. Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana wa Shauritanga, Kilimanjaro, wakafa zaidi ya 40. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na vijana kama wewe waliokuwa wakichota petroli wakaungua. Waliokufa walipita 100. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifukia watu Katesh.

Kila mahali hapo kulikuwa na mikono iliyookota. Mikono ya zimamoto, ya polisi, ya wanajeshi, ya wauguzi, ya wazamiaji, na ya raia wa kawaida. Tuliwasoma waliokufa gazetini kwa idadi. Waliookota hatukuwasoma popote.

Chukua Kariakoo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa liliporomoka katikati ya watu. Unakumbuka nani walianza kuchimba? Vijana wa Kariakoo: wauza nguo, wabeba mizigo, madereva, wakivunja zege kwa nyundo na kutoa vifusi kwa mikono. Kisha wakaja askari na mitambo. Kwa siku kadhaa waokoaji waliwasiliana na watu walionasa chini, wakawapitishia maji na hewa ya oksijeni. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai, na hilo tuwapigie makofi. Lakini zaidi ya 25 walipoteza maisha.

Jiweke wewe pale. Umelala kifudifudi kwenye tundu la zege. Chini kuna mtu, humwoni, unaisikia sauti. Unamwambia, "Vumilia ndugu yangu, tunakuja." Anakujibu. Kesho yake unaita, hajibu. Jioni unaambiwa zamu yako imekwisha, nenda nyumbani. Nyumbani unakwenda na nini?

UGONJWA HUU UNA JINA

Kuna watu watasema mambo haya ni ya kizungu. Haya, twende kwa wazungu tuone walivyokosea, ili sisi tusirudie.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari wao walitoka mahandakini wakitetemeka, hawasemi, hawalali. Majenerali wakawaita waoga. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe 306 kwa makosa ya utoro, woga na mengine ya namna hiyo, na inaaminika baadhi yao walikuwa wagonjwa wa vita. Serikali ya Uingereza ikawasamehe mwaka 2006. Miaka karibu 90 baadaye, wakati wao ni mifupa! Msamaha wa namna hiyo unamfaa nani?

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha magonjwa. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani, ILO, likauingiza katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Soma tena, msomaji: magonjwa yatokanayo na kazi. Kama mchimbaji anavyopata vumbi mapafuni, ndivyo mwokoaji anavyopata kiwewe kichwani. Hakukileta kutoka kwao kijijini. Kakipata kazini.

Dalili zake si siri. Tukio linamrudia mtu usiku kama ndoto na mchana kama sinema, tena si kama analikumbuka bali kama yupo palepale. Anakwepa kila kinachomkumbusha: harufu, mtaa, mlio wa king'ora. Yuko chonjo saa zote, mlango ukigongwa anaruka. Usingizi hana, hasira ziko juu, watoto wake mwenyewe hawamfurahishi. Wengi wanakimbilia pombe kwa sababu pombe inawalaza saa tatu, kisha inawaamsha wakiwa wabaya zaidi. Siku za mwanzo baada ya tukio mambo haya ni ya kawaida, na watu wengi hupona wenyewe wakiwa na ndugu na marafiki. Yakizidi mwezi na yakaanza kuvuruga kazi na nyumba, huo ni ugonjwa, na ugonjwa unataka mtaalamu.

Habari njema ni kwamba unatibika. Hapa ndipo wengi hatujui, tunadhani kwa mtaalamu ni kulishwa vidonge ulale kama gogo. Dawa zipo na kwa wengine zinasaidia sana. Lakini tiba kubwa ni mazungumzo, na si porojo za kijiweni. Mtaalamu anamwongoza mgonjwa kulisimulia lile tukio kwa utaratibu, mwanzo hadi mwisho, leo, wiki ijayo, na wiki inayofuata, bila kuliruka lile eneo linalouma. Anamrudisha kidogo kidogo kwenye vitu anavyovikwepa. Taratibu akili inajifunza kwamba lile jambo limepita. Linabaki kuwa kumbukumbu chungu, lakini halimkamati tena kooni saa nane za usiku.

Na wasiotibiwa? Mwaka 2018 taasisi ya Ruderman ya Marekani ilitoa ripoti yake: mwaka 2017 zimamoto waliojiua nchini humo walikuwa 103, waliokufa wakiwa kazini walikuwa 93. Yaani moto wa ndani uliua wengi kuliko moto wa nje, katika nchi yenye magari, maji na vifaa vyote unavyovijua. Kama huko hali ni hiyo, hapa kwetu ambako askari anafika moto umeshakula nyumba tatu kwa sababu Tandale na Vingunguti hazina njia ya gari kupita, unadhani hali ikoje?

WAKUBWA NA SEMINA ZAO

Sasa nawageukia wakubwa, na hapa sitatafuna maneno.

Tuna Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Karatasi zipo. Waziri akisimama bungeni kuomba fedha tunasikia magari, tunasikia vituo, tunasikia sare. Vyote vizuri, na vyote bado havitoshi. Lakini yule anayevaa sare ana kichwa, na ndani ya kichwa kuna vitu alivyoviona akitutumikia. Fungu lake liko wapi?

Mnakumbuka ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022? Watu 43 walikuwamo, 19 wakafa. Waliowahi kufika ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi akapewa shilingi milioni moja na ikatoka amri aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taifa zima likashangilia, mimi pia. Sina kinyongo na kijana huyo, alistahili. Ninachouliza ni hiki: wale wavuvi wengine waliovuta watu na maiti majini siku ile, nani aliwafuata baada ya mwezi mmoja kuwauliza, "Unalala?" Kumpa shujaa bahasha na kofia ni rahisi, tena kunapendeza kwenye televisheni. Kumfuata nyumbani baada ya kamera kuondoka, hiyo ndiyo kazi ya serikali.

Najua watakachofanya wakibanwa. Wataandaa semina. Tunawajua kwa semina! Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, mabango, mgeni rasmi anafika saa mbili baada ya muda, anahutubia, anapigwa picha, posho zinagawanywa, afya ya akili imekwisha. Waheshimiwa, hata hilo limeshapimwa na watafiti. Mtindo wa kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio, waseme yote siku hiyohiyo, kisha waachwe, ulipochunguzwa kwa makini ulionekana hauzuii kiwewe. Kinachosaidia ni kumfuatilia mtu, kumtambua aliyezidiwa, na kumpeleka kwa mtaalamu anayejua tiba. Hilo halina mgeni rasmi.

Watasema fedha hakuna. Jamani! Fedha za mashangingi ya V8 zipo kila mwaka, na matairi yake, na mafuta yake, na dereva wake. Mwanasaikolojia mmoja kwa kila mkoa hawezi kula fedha kuliko gari moja la kigogo. Halafu hesabu upande wa pili: askari aliyefundishwa kwa miaka, anaijua kazi, anaujua mji, anaacha kazi au anaharibika kwa gongo. Mnaajiri mwingine, mnaanza kumfundisha upya. Hasara hiyo mbona hamuiandiki?

Tazameni New York. Septemba 11, 2001 zimamoto 343 wa mji ule walikufa siku moja. Kitengo chao cha ushauri kilikuwepo kabla, wakakipanua, wakatuma wataalamu hadi vituoni kukaa na askari pale pale wanapokula na kulala, na wakawatumia zimamoto wenyewe waliofundishwa kuwasikiliza wenzao. Hawakusubiri askari aje ofisini akigonga mlango kama mwombaji. Walijua mwanamume hatakuja.

NA SISI WA VIJIWENI JE?

Usicheke, msomaji, ukadhani leo nimewashika wakubwa peke yao. Fimbo nyingine ni ya kwetu.

Sisi vijana wa mjini ndio tuliolifanya jina la Mirembe kuwa tusi. Mtu akikosea pasi uwanjani: "Huyo wa Mirembe!" Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu tangu mwaka 1927, imerudisha baba za watu nyumbani na wake za watu kwa watoto wao, sisi tunaitumia kutukania. Sasa askari akisikia hivyo kila siku, atathubutu kumwambia nani kwamba kichwa chake kinamsumbua?

Tunasema mwanamume halii. Nani kasema? Nimewaona wanaume wakilia Yanga ikifungwa! Tunasema wazee wetu walivumilia. Walivumilia, ndiyo, na wangapi kati yao tuliwaita walevi, wakali, wachawi, na hatukuwahi kuuliza waliona nini? Tunasema dua na maombi yanatosha. Mimi ni mtu wa dini na dua siachi, lakini jino likiniuma naomba dua kisha naenda kwa mganga wa jino. Sheikh wangu mwenyewe huenda.

Hilo la jino linanirudisha kwa Afande. Aliyemwokoa ni binamu yake muuguzi, aliyemshika mkono akampeleka hospitali kwa mtaalamu. Alikwenda kila wiki kwa miezi kadhaa. Unajua aliwaambia nini wenzake kazini? Kwamba anatibiwa jino. Alivua sare, akavaa fulana na kofia, akapanda daladala mbili kwenda hospitali ya mbali ili asikutane na anayemfahamu. Mtu aliyeingia kwenye nyumba zinazowaka kutoa watoto wa wenzake, anakwenda kutibiwa kwa kujificha kama mwizi wa kuku! Aliogopa nini? Aliogopa kuandikwa kwenye faili. Aliogopa kupitwa na vyeo. Na aliogopa sisi, na kipande chetu cha boksi.

SHERIA INAYOMGEUKA MGONJWA

Kuna jingine, nalo ni zito. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa. Yaani mtu amezidiwa mpaka hataki kuishi, Mungu kamnusuru, anaamka kitandani, wa kwanza kumsubiri ni polisi badala ya daktari. Tunataka watu waseme mapema wanapozidiwa, kisha tumeweka pingu mlangoni!

Sheria hii tumeirithi kwa mkoloni. Mkoloni mwenyewe aliifuta kwake mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata Uhuru. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Sisi tunasubiri nini? Bunge linapitisha sheria kwa hati ya dharura likitaka. Hii nayo ni dharura.

TUNACHODAI

Tusiishie kulalamika. Madai ni haya, na mbunge wako akija kukuomba kura mwulize moja moja.

Kwanza, kila mkoa uwe na mtaalamu wa saikolojia kwa ajili ya zimamoto na waokoaji, aliyeajiriwa, mwenye mshahara, si wa kukodiwa siku ya semina.

Pili, siri. Askari akienda kutibiwa kichwa isiandikwe popote pa kumzuia cheo. Aliyevunjika mguu kazini hanyimwi cheo, kwa nini huyu anyimwe?

Tatu, baada ya kila janga kubwa askari wafuatiliwe, baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Na raia waliojitolea wasisahauliwe. Vijana wa Kariakoo hawana kituo wala kamanda, wana meza ya bidhaa tu.

Nne, familia zao zifundishwe dalili. Shemeji yetu alidhani mumewe kamchukia. Angejua ni ugonjwa, pengine asingefunga mizigo.

Tano, kifungu cha 217 kifutwe.

Haya ni madai ya watu wenye akili timamu. Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni tano mwaka 2022. Siku nyumba yako ikiwaka, utataka aje zimamoto aliyelala usiku, si aliyetoka kupigana na ndoto.

Na wewe kijana unayesoma hapa, pengine ni dereva wa bodaboda uliyewahi kumnyanyua mwenzako aliyegongwa na lori. Pengine ulichimba Kariakoo. Pengine ni mlinzi, muuguzi, au askari wa zimamoto umelikunja gazeti hili mfukoni usionekane. Kama unaamka saa nane unatoka jasho, kama kuna mtaa huwezi kupita, kama chupa ndiyo inayokulaza, sikiliza: hujarogwa wala si mwoga. Nenda hospitali, ulizia kitengo cha afya ya akili. Muhimbili kuna idara nzima, na mikoani anzia hospitali ya rufaa. Ukiona mawazo yanakuambia ujimalize, usisubiri kesho. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, akusindikize. Na wewe unayeambiwa, usitoe hotuba. Sindikiza.

Afande wetu sasa analala. Shemeji alirudi na watoto, na kazini bado yupo, bado anapanda gari king'ora kikilia. Mishkaki hajarudia, na sidhani atarudia. Lakini wiki iliyopita alikuja kijiweni, akaketi upande usiofikiwa na moshi, akaomba bao. Muuza mishkaki, bila kuambiwa na mtu, akalisogeza jiko lake hatua kumi.

Hatua kumi tu, ndugu msomaji. Muuza mishkaki asiye na V8 ameweza. Serikali nzima inashindwaje?